Mtoto wa Desemba

Barua pepe ilikuwa na mistari mitano tu, lakini Madam Shule aliisoma mara sita, na kila alipoimaliza alirudi juu akitumaini labda safari hii itasema jingine. Haikusema. Ilikuwa Jumanne ya tarehe kumi, saa nne asubuhi, na nyuma yake wenzake walikuwa wanabishana juu ya mteja anayetaka kuhama na kabati la marehemu bibi yake, kabati lisilopita mlango wowote. Siku nyingine angegeuka akatia neno. Siku hiyo aliifunga barua, akaifungua tena, kisha akaenda kusimama mbele ya kioo cha chooni bila kunawa hata kidole.

Kazi ya ofisi ile ni kuhamisha familia. Mfanyakazi akipelekwa nchi nyingine na kampuni yake, wao humtafutia nyumba, humfungia vyombo, na watoto wake huwatafutia shule. Shule ndiyo iliyokuwa sehemu ya mwanamke huyu, na ameifanya miaka mingi hata jina alilopewa na wazazi likasahaulika pale ofisini. Mkurugenzi humwita Madam Shule, mfagiaji humwita Madam Shule. Aliyemwita vingine alikuwa mmoja tu. Huyo alimwita Mwalimu, kwa utani, maana hajawahi kumfundisha mtu hata herufi moja. Alilivuta kidogo jina hilo mwishoni, na mwenye kuitwa akawa anasikia raha mpaka magotini.

Na barua ile ilimhusu huyo.

Alikuwa injinia wa mitambo ya umeme, aliyefiwa na mke mtoto wao akiwa na miezi minane. Miezi tisa iliyopita aliketi mbele ya meza ya Madam Shule akiwa amemshika mkono binti wa miaka minne na ushee, anayeitwa Kasuku na kila mtu kwa sababu halisikii neno asilirudie.

"Sitafuti shule nzuri, dada," alisema siku ile. "Natafuta shule ambayo mwanangu hataihama. Kampuni itanihamisha kila miaka mitatu. Huyu nilimbadilisha chekechea mara moja tu, akanyamaza miezi miwili. Kasuku mzima, asiseme hata neno. Sitaki kuyaona tena yale."

Madam Shule akamweleza habari za shule zinazofundisha kwa Kifaransa, kama alivyozieleza kwa mamia ya wazazi kabla yake. Zipo karibu kila mji mkubwa duniani, ingawa mji wao haukuwa nayo, na mtaala wake ni mmoja. Mtoto akiachia ukurasa wa hamsini huku, kule anafungua wa hamsini na moja.

Injinia akamtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na baba wa mtoto je, akihama? Yeye nani atamfungulia ukurasa wake?"

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Penzi ni kikohozi, halifichiki, na kabla ya miezi mitatu ofisi nzima ilishajua kwa nini faili la mtoto mmoja linahitaji vikao vingi namna ile.

Kampuni ilimpa Injinia hiari: aondoke Agosti hii au Agosti ya mwakani. Wakachagua mwakani, wakiwa wawili, kwa sababu ya Mama. Mama yake Madam Shule alikuwa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na hakuwa na wa kumpeleka ila binti yake. Mdogo wake wa kiume angemaliza masomo na kurudi mwakani, na kuanzia hapo mama angekuwa mikononi mwake. Basi wataoana, kampuni itawaandika watu watatu, wataondoka pamoja. Ilibidi iwe hivyo, kwani kampuni huandika familia mara moja tu, siku ya kuondoka. Asiyekuwemo kwenye orodha hungoja mpaka mkataba wa miaka mitatu uishe.

Mpango wote huo uliegemea hesabu moja aliyoipiga Madam Shule, kwamba Kasuku anaweza kuanza darasa la kwanza mwakani. Hesabu haikuwa sahihi.

Shule zile hazihesabu umri kwa siku ya kuzaliwa. Zinahesabu kwa mwaka. Waliozaliwa mwaka mmoja, wa Januari na wa Desemba, wanakaa darasa moja, na Kasuku alizaliwa tarehe ishirini na tisa Desemba, siku mbili kabla mwaka haujaisha. Madam Shule alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Aliwahi kuwacheka wazazi waliolikosea. Lakini kwa Kasuku alisahau kazi, akahesabu kama mama anavyohesabu: atakata keki ya miaka sita Desemba, basi Septemba inayofuata anaingia darasa la kwanza. Alishawaza hata rangi ya keki.

Katika barua ile katibu wa shule alieleza kwa adabu. Zamu ya Kasuku ya darasa la kwanza ilikuwa Septemba hii. Mwakani angekuwa wa darasa la pili, na darasa la pili hawapokei mtoto asiyesoma Kifaransa. Nafasi ya darasa la kwanza ilibaki moja. Wangeishikilia mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini, saa sita mchana.

Alichotakiwa kufanya ni kuinua simu. Akasema nitamwambia jioni. Jioni Injinia akampigia, anacheka, anasimulia alivyonaswa na mvua, naye akasema nitamwambia kesho. Kesho ina ujanja wake, kila ukiifikia inasogea mbele.

Jumapili alikwenda nyumbani kwa Injinia kama kawaida. Aliyemfungulia mlango alikuwa dada mkubwa wa Injinia, Shangazi yake Kasuku, aliyemlea mtoto tangu mama yake azikwe. Mwezi wa kwanza wa penzi lao Shangazi alimuuliza mbele ya watu, "Wewe mwenzetu, unamtafutia mtoto shule au unajitafutia mume?" na tangu siku hiyo alimkaribisha kwa mdomo tu. Jumapili ile alimsogezea kiti mwenyewe.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Mtoto analala anakutaja, anaamka anakutaja. Mimi nitabishana na nani?"

Kasuku akaja na kitana, akaketi katikati ya magoti ya Madam Shule asukwe nywele. Akahesabu moja mpaka ishirini kwa Kifaransa, alivyojifunza kwenye simu ya mgeni wake huyo. Alipofika kumi na saba alikwama, akageuza shingo kuomba msaada, akapewa, akamaliza. Wakampigia makofi. Injinia alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, kikombe mkononi, macho hayamtoki mwanamke aliyeshika kichwa cha mwanawe. Yale macho ndiyo yaliyomziba mdomo. Nani angeyatazama kisha aseme neno la kuyaondoa?

Alhamisi alikuwa na mama yake kwenye chumba cha mashine. Mama alikuwa amelazwa kwenye kiti kirefu, mirija miwili mkononi. Alimtazama binti yake anavyolikunja na kulikunjua gazeti asilolisoma.

"Umekonda wiki hii," akasema. "Mgonjwa ni mimi."

Madam Shule akamwambia yote.

"Kwa hiyo unamficha kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako, Mama."

"Afadhali useme hivyo. Nisije nikabebeshwa lawama." Mama akafumba macho kidogo, mashine ikavuma. "Mimi nimelea watu wawili peke yangu. Mtu akinikosea mimi, nalia, nanyamaza, yanapita. Lakini akigusa la mwanangu, hata awe malaika, simsahau. Kamwambie, mama. Kamwambie leo."

Leo ikapita, maana walitoka hospitali jua likizama. Alimwambia Ijumaa.

Injinia alifika ofisini saa tatu kamili, amevaa shati alilonunuliwa na Madam Shule. Chumba cha wateja kilikuwa na kuta za kioo, na ofisi nzima ilikuwa inawaona. Akaketi, akasogeza kiti karibu kuliko mteja anavyosogeza.

"Mwalimu, leo mimi ndiye mwenye habari," akasema. "Dada amekubali. Jumapili ijayo anakuja kwenu na wajomba wawili. Ameniuliza mama yako anapenda nini. Nikamwambia anapenda watu wasiochelewa."

Madam Shule akacheka, na kicheko kikamwuma kifuani.

"Mbona hivyo? Mama mzima?"

"Mama mzima. Ni shule." Akashusha mikono chini ya meza. "Nilikosea hesabu ya Kasuku."

Akamweleza kikazi, neno kwa neno, alivyowaeleza wazazi wengine: mwaka wa kalenda, mtoto wa Desemba, darasa la kwanza ambapo wote wanaanza herufi pamoja, darasa la pili ambapo mlango unafungwa. Injinia alisikiliza kichwa kimeinama, akauliza maswali mawili, akataka arudiwe tarehe. Kisha akavuta pumzi ndefu.

"Kwa hiyo tulikosea," akasema.

"Mimi ndiye niliyekosea."

"Tulikosea. Mimi si baba yake? Tarehe ya kuzaliwa sikuijua?" Akapitisha mkono chini ya meza, mahali ambapo ofisi haioni, akamshika vidole. "Sikiliza. Namjibu katibu sasa hivi. Kampuni naiambia naondoka Agosti hii. Wewe unabaki na Mama."

"Na orodha?"

"Orodha itangoja, na mimi nitangoja. Miaka mitatu si milele. Nitakuja kila likizo mpaka mama yako anichoke. Ulidhani nitakuacha kwa sababu ya Septemba?"

Hicho ndicho alichokiogopa siku zote zile, na kumbe hakikuwepo. Machozi yalimjaa Madam Shule, ya furaha, nusura aweke kichwa begani kwa mtu mbele ya kuta za kioo.

"Nipe anwani ya katibu niandike," akasema Injinia, na kwa mkono uliobaki akaigeuzia kompyuta upande wake.

Barua ilikuwa wazi. Akasoma. Vidole vilivyokuwa chini ya meza vikalegea kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine.

"Tarehe kumi," akasema.

Madam Shule akaitazama ile mistari mitano.

"Leo ishirini. Labda uliiona jana?" Alikuwa anamsaidia. Alimtengenezea jibu, akamwekea mbele yake, kilichobaki ni yeye kulichukua tu.

"Niliisoma siku hiyo hiyo."

Injinia akaurudisha mkono wake juu ya meza. Nje ya kioo mkurugenzi alipita akawapungia, na wote wawili wakampungia. Ugomvi wote ule uliendeshwa hivyo, kwa sauti ya watu wanaojadili mizigo.

"Jumapili ulikuja nyumbani."

"Nilikuja."

"Ukamsuka nywele. Akakuhesabia mpaka ishirini."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unangoja nini, Mwalimu?"

"Sijui. Niliogopa."

"Nini?"

"Utaondoka. Utafika huko uone maisha mengine, na mimi nipo hapa na mashine ya Mama. Nilijua nakosea. Kila siku niliamka nikijua." Akaonyesha saa ya ukutani. "Lakini nimekwambia. Nafasi bado ipo, saa sita haijafika. Sijamharibia mtoto kitu."

"Umeniambia zikiwa zimebaki saa tatu." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Na kama Mama angezidiwa alfajiri? Sasa hivi ungekuwa hospitali, na ungekuwa na haki kabisa. Nani angeniambia? Mwakani ningemfikisha mlangoni na begi mgongoni wanirudishe naye. Ningemwambia nini? Na akinyamaza tena?"

Madam Shule kwa wateja hakukosa neno hata mara moja katika miaka kumi na miwili.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema Injinia, na alisema kweli, ilionekana usoni. "Hilo ndilo linaloniumiza. Mimi nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini baba yake Kasuku hawezi. Nitakuachia mtoto niende kazini, na huko kazini nitakuwa nafikiria kuna barua gani nyingine. Utacheka, nitatafuta nyuma ya kicheko. Hutaweza kuishi hivyo, na mimi sitaki uishi hivyo."

"Nipe muda nikuonyeshe."

"Muda ulikuwa nao. Siku kumi."

"Nakupenda."

"Najua." Akafuta uso kwa kiganja, haraka, kama aliyeingiwa na vumbi. "Mimi pia. Ndiyo maana nataka tumalize hili kabla sijabadilisha mawazo. Tujaze fomu."

"Nimwite mwenzangu aje akujazie?"

"Hapana. Hakuna anayeijua kazi hii kama wewe. Nataka mwanangu apate nafasi."

Akatoka nje ya chumba kumpigia dada yake. Kupitia kioo Madam Shule alimwona amegeukia ukuta, mkono mmoja kiunoni, anaongea kidogo, ananyamaza sana. Alijua maneno bila kuyasikia. Jumapili imevunjika. Dada, jiandae kusafiri, nani atamlea mtoto huko? Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alikaa kiti cha upande wa pili, kile cha wateja.

"Tuendelee, dada," akasema.

Alimwita dada. Ndivyo alivyomwita siku ya kwanza, kabla hajajua kama anakunywa chai na sukari au bila.

Madam Shule akafungua fomu, akaanza kuuliza, na Injinia akajibu. Jina la mtoto. Tarehe ya kuzaliwa. Ishirini na tisa Desemba, na wote wawili wakaitazama meza. Lugha ya nyumbani. Chanjo. Mtu atakayemchukua mtoto shuleni. Injinia akataja jina la dada yake, na Madam Shule akaliandika polepole, herufi kwa herufi, mahali ambapo kwa miezi tisa alikuwa analiona lake. Alipofika kwenye dawa hakuuliza. Aliandika mwenyewe kwamba mtoto hupata pele akila samaki, kwamba hulala taa ikiwa inawaka.

Injinia alimwona anavyoandika.

Saa tano na nusu walifika ukurasa wa mwisho, ule unaosomwa na mwalimu wa darasa tu. Watoto wadogo wakihama hukaa wakiulizia watu, na mwalimu asipowajua watu hao hushindwa kumbembeleza mtoto. Madam Shule alishausoma ukurasa huo mbele ya wazazi mia na zaidi, na sauti yake haijawahi kukwama.

"Mtoto anamwacha nani," akasoma, "ambaye huenda akawa anamlilia?"

Injinia aliinama akalisoma swali mwenyewe. Nje wafanyakazi wa ofisi walikuwa wanacheka kitu, labda ni kabati lile lile.

"Andika jina lako," akasema.

Akaandika. Mbele ya jina palikuwa na nafasi ndogo ya kujaza uhusiano na mtoto. Kalenda ilikuwa ukutani, saa ilikuwa ukutani, na mwanamume aliyempenda alikuwa mbele yake akimngoja ajaze. Hakumwuliza. Akaandika mshauri wa shule, akabonyeza kuituma fomu kwa katibu, ikafika kwa wakati.